Siku Manjano Walipoinua Mikono

"Sijapandisha sauti, Mjomba. Hii ndiyo sauti yangu. Ukitaka nyingine, katafute kwenye hizo spika zako."

"Zungumza nami kama mjomba wako, si kama kijana wako wa kupakia mikate."

"Kijana wangu wa kupakia mikate ningemwambia mara moja na angesikia. Wewe nakwambia tena na tena. King'ora hukipigi."

Mjomba akaendelea kukaza kamba. Alikuwa amesimama juu ya pikapu yangu, ile ninayosambazia mikate kila asubuhi, mguu mmoja ukingoni na mwingine juu ya spika nyeusi yenye kimo cha mtoto wa darasa la pili. Spika zilikuwa mbili, na amplifaya, na waya uliozungushwa kama nyoka aliyeshiba. Vyote mali yake. Huvikodisha kwenye harusi na mikutano, na mwenyewe ndiye anayeshika maikrofoni, ndiyo maana mji mzima unamwita Spika. Siku hiyo alikuwa amekodishwa na kamati ya fainali ya magongo ya wasichana. Gari lake lilikuwa gereji, akaniomba langu, nikasema sawa. Sote tulikuwa tunakwenda uwanjani. Binti yangu ndiye kipa.

Lililoniwasha ni jambo alilolisema akifunga fundo la kwanza, kwa furaha, kama mtu anayekupa zawadi. Wakati wa mapumziko atapiga king'ora cha kiwanda. Kijana mmoja amemtafutia kwenye simu, kinafanana na kile cha zamani kama pacha. Kikilia, uwanja mzima utainua mikono juu, naye atasimulia jinsi timu ya Manjano ilivyopoteza kombe.

"Na safari hii kipa mwenyewe atakuwepo!" alisema. "Nitamwambia asimame awapungie watu. Hapo watalala chini kwa kicheko."

Kipa mwenyewe ni mama yangu. Dada yake wa tumbo moja. Na wakati ule alikuwa chumbani, dirisha wazi, anavaa.

Mama alikuwa hajakanyaga uwanja wa magongo tangu fainali ile ya Manjano. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Sasa nina binti wa miaka kumi na sita anayedaka mipira kwa mtindo wa bibi yake bila kufundishwa, maana damu haihitaji kocha. Alimbembeleza bibi yake muhula mzima. Mama alikataa, akakataa, akaja akakubali kwa sharti moja: akae juu kabisa, pembeni, kama mtu yeyote. Asubuhi hiyo binti yangu aliondoka na timu yake akiwa amebeba pedi mgongoni, akasema mlangoni, "Bibi, nikikutazama uwe umekaa hapo." Mama akamjibu, "Wewe utazame mpira."

Kwa hiyo msiniulize kwa nini nilimfokea mtu mzima.

"Ni utani tu, mwanangu," Mjomba alisema. "Mambo yenyewe yameshapita."

"Yamempita nani?"

"Watu wanaupenda! Mwaka jana kwenye mkutano wa wazazi waliniomba mara mbili."

"Mkuki kwa nguruwe, Mjomba."

"Ah, nawe. Diploma yote ile na bado unajibu kwa methali."

Nitaeleza fainali yenyewe, kwa sababu Mjomba huieleza vibaya.

Manjano ilikuwa timu ya kina mama wa kiwanda cha nyuzi. Uwanja wao ulikuwa nyuma ya ukuta wa kiwanda, udongo mwekundu uliopondwa na kumwagiwa maji ili vumbi lilale. Mashati yao waliyatia rangi wenyewe kwenye madumu ya kiwanda, na rangi ile haikushika vizuri, hivyo mechi ya Jumamosi ilibaki shingoni mwao mpaka katikati ya wiki. Ukimwona mwanamke sokoni ana shingo ya manjano, ulijua amecheza. Mama alikuwa kipa. Pedi zake alishonewa na fundi viatu, na kofia yake ilikuwa ya pikipiki, imekatwa mbele na kuwekewa wavu wa chuma. Kwa mtoto wa miaka tisa, hakuna malkia aliyewahi kuvaa taji zuri kuliko lile.

Niliipenda timu ile kuliko chakula. Nilijua nani hunywa maji kwanza, nani hufunga kitambaa cheupe gotini, nani hutukana chinichini refa akigeuka. Winga wa kulia tulimwita Upepo. Akishika mpira mstarini, wanaume waliokuwa wakinywa chai nje ya uwanja waliweka vikombe chini. Nilikaa nyuma ya goli la Mama kila mechi, ndoo ya maji kati ya magoti yangu. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na nilijiona sehemu ya timu.

Fainali ilikuwa dhidi ya wauguzi. Walikuja na soksi nyeupe mpaka magotini na magongo mapya yanayong'aa. Mechi ilipangwa iishe kabla ya king'ora cha kubadilishana zamu, kwani kiwanda kilikuwa kinafanya kazi upande wa pili wa ukuta. Lakini mgeni rasmi alikuwa meneja mkuu, na meneja mkuu alichelewa. Tulimngoja. Wachezaji walisimama juani kwa mistari miwili kama nguo kwenye kamba. Alipofika alihutubia kirefu, kisha akaombwa azindue mpira. Akaupiga teke. Kwenye magongo, teke! Watu wakampigia makofi.

Hakuna aliyefikiria kumwambia mtu wa boila kule kiwandani aache kupiga king'ora. Hakuna hata mmoja. Na meneja yule, aliyechelewa na kuvuruga saa zote, sijawahi kusikia mtu akimcheka.

Wauguzi walitangulia kufunga. Upepo akasawazisha kipindi cha pili, akakimbia na gongo lake juu ya kichwa mpaka kwenye goli letu, akambusu Mama kwenye wavu wa kofia. Nikamwaga nusu ya ndoo kwa kurukaruka. Kisha wakabanana katikati muda mrefu, magongo yakigongana kama sahani kwenye beseni, na mwishowe mpira ukaingia kwenye nusu duara yetu. Beki wetu alikuwa nao. Alikuwa nao kabisa.

King'ora kikalia.

Wanawake wote kumi na mmoja wa Manjano waliachia magongo. Yalianguka pamoja, nasikia sauti yake mpaka leo. Kisha wote wakainua mikono juu, yote miwili, viganja wazi, wakasimama tuli. Upepo kule mbele, mabeki, na Mama golini, glavu zake zimeelekea mbinguni.

Mshambuliaji wa wauguzi naye alisimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Akamtazama refa. Filimbi kimya. Mpira ulikuwa miguuni mwa beki wetu, umetulia kama kuku anayeatamia. Yule muuguzi akanyoosha gongo, akauvuta taratibu, akausukuma. Hakuupiga. Aliusukuma tu, kama mtu anayesukuma mlango wa choo asijue kama ndani kuna mtu. Ukapita kando ya mguu wa Mama, polepole, ukaja ukagusa wavu mbele ya ndoo yangu.

"Shusheni mikono!" nilipiga kelele mpaka koo likakauka. "Mama! Shusha mikono!"

Hakunisikia. Hakuutazama mpira. Alikuwa anawatazama wenzake uwanja mzima, na midomo yake ilikuwa ikicheza ndani ya wavu. King'ora kilipokatika ndipo akasema, "Shusha," na wote wakashusha. Kisha akageuka nyuma.

Refa akaonyesha katikati. Bao halali, filimbi haikulia. Mchezo ukaanza na ukaisha.

Kicheko kilianzia kwenye kivuli alichokalia meneja na wageni wake. Nilikiona kilipozaliwa. Mtu mmoja aliinua mikono juu, mwenzake akaangua kicheko, na kikatembea kuzunguka uwanja kama moto kwenye majani makavu mpaka kikanifikia nyuma ya goli. Niliipiga ndoo teke. Nilikwenda nyumbani peke yangu, nikalala na viatu.

Jumatatu shuleni walinipigia king'ora kwa midomo: wuuuuu! Darasa zima mikono juu. Ikawa hivyo miaka. Mama akiingia dukani, muuza duka anainua mikono: "Usinipige risasi, kipa!" Wachezaji wengine walioshindwa husahaulika. Hawa hawakusahauliwa, maana walifaa kuchekwa.

Na aliyewafanya wafae ni mtu mmoja. Mjomba alimwoa Upepo mwaka uliofuata, na harusini mwake mwenyewe, maikrofoni ilipomfikia, alisimulia fainali. Alipiga king'ora kwa pua. Aliigiza glavu, alimwigiza muuguzi, alimwigiza Mama akigeuka nyuma. Watu walishika mbavu. Wiki iliyofuata aliitwa kusimamia harusi nyingine, na nyingine tena. Jina la Spika alilipata juu ya mgongo wa mama yangu. Madirisha ya nyumba yake yamenunuliwa na mikono ile iliyoinuliwa.

Kila mtu anajua Manjano waliinua mikono. Hakuna anayeuliza kwa nini.

Kiwandani, king'ora kikilia, mitambo ilizimwa ili zamu zipishane. Fundi wa zamu mpya aliiwasha tena kutoka nyuma, mahali asipoona mbele. Siku moja msichana kwenye laini ya Mama alikuwa bado anatoa uzi ulionasa. Mkanda ulipoanza kuzunguka uliuchukua mkono wake. Uongozi ulibandika ukutani picha ya mfanyakazi anayetabasamu. Basi. Kina mama wakatunga sheria yao wenyewe: king'ora kikilia, acha chochote ulichoshika, inua mikono yote miwili, kaa hivyo mpaka kiongozi wa laini aone mikono yote na aseme shusha. Fundi hagusi kitu kabla ya neno hilo. Kiongozi wa laini alikuwa Mama. Walifanya hivyo kila siku ya kazi, miaka nenda miaka rudi, mpaka mikono ikawa inapanda yenyewe. Hakuna mwanamke mwingine aliyepoteza hata ukucha kwenye laini ile, mpaka kiwanda kilipofungwa.

Haya yote nilikuwa nimeshamwambia Mjomba uani pale, tena kwa herufi kubwa.

"Najua, najua," alisema, akiruka chini ya pikapu na kupangusa mikono. "Lakini uwanjani hapakuwa na mashine!"

Hilo ndilo neno lake la kumalizia. Hulisema kila mara mwishoni, na hapo ndipo watu hupasuka. Alilisema na kusimama kidogo, mdomo wazi, akingoja nicheke. Mazoea mabaya kuliko homa.

"Na marehemu mkeo?" nikamuuliza. "Yeye hakuinua mikono? Mbona kwenye hadithi yako hayumo?"

"Hayumo kwa heshima."

"Kumbe heshima unaijua."

"Mke wangu alikuwa anacheka kuliko wote, kwa taarifa yako. Tulikuwa tunacheka pamoja."

"Hakucheka."

Sauti ilitoka mlangoni. Mama alikuwa amesimama pale, gauni lake la bluu limepigwa pasi, viatu vyeusi miguuni, mkoba kwapani. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo labda tangu mwanzo.

"Dada!" Mjomba akakunjua tabasamu lake la jukwaani. "Umependeza. Leo tunakutoa kama bibi harusi."

"Mkeo hakucheka," Mama akasema. "Kila ulipoanza hadithi ile, aliinuka kwenda jikoni kuosha vyombo. Hata kama vilikuwa safi. Ulikuwa hujui kwa sababu ulikuwa unatazama watu."

Tabasamu lile likamtoka Mjomba usoni. Ninakiri nilifurahi.

"Dada, sasa ungeniambia zamani."

"Nilikuwa namngoja mwenye mume aseme."

"Basi sikilizeni." Aliweka mkono kifuani. "Mimi si mtu mbaya. Niambieni mnataka nini. Nisipige king'ora? Sawa, tuseme nisikipige mwanzoni. Nianze kwa kueleza ile ajali. Niwaandae watu."

"Usieleze chochote," Mama akasema. "Mimi nakwenda kumtazama mjukuu wangu. Nataka kukaa."

"Lakini watu wanataka kujua, Dada! Miaka yote wanajiuliza, yule kipa alikuwa anafikiria nini? Mpira huo hapo, anaona, kasimama kama mlingoti. Hata mimi sijui. Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuniuliza."

"Nakuuliza sasa."

Mama alihamisha mkoba kutoka kwapa hili kwenda lile. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumuuliza. Nyumbani kwetu fainali ilikuwa kama chumba kilichofungwa: unapita mlangoni, hugusi kitasa.

"Nilikuwa nahesabu," akasema.

"Unahesabu nini?"

"Mikono. Ningehesabu nini? Wale walikuwa watu wangu. King'ora kimelia, nahesabu mikono. Upepo alikuwa mbali, kule mbele, jua lilikuwa machoni mwangu, niliona mmoja tu. Nikautafuta wa pili. Huwezi kusema shusha kabla hujauona wa pili." Akaubana mkoba kwapani. "Nilikuwa sijamaliza."

Nilitazama pembeni, kwenye mifuko mitupu ya unga iliyoanikwa ukutani, kwa sababu sipendi kutazamwa machozi yakinikaribia. Kumbe midomo ile niliyoiona ndani ya wavu ilikuwa inafanya hesabu. Goli lilikuwa linaingia miguuni mwake na yeye alikuwa anautafuta mkono wa mtu.

"Aisee," Mjomba akasema taratibu. Macho yake yalikuwa yamelowa. Nilimwona kwa macho yangu, yamelowa kweli. "Aisee, Dada. Hii... hii ni kubwa." Akapiga viganja. "Hii ndiyo mwisho wenyewe! Unaona? Nawachekesha kwanza, king'ora, mikono juu, wanacheka, wanacheka, halafu nashusha sauti. 'Ndugu zangu, mnajua yule kipa alikuwa anafanya nini?' Kimya. Halafu nawaambia. Hakuna jicho litakalobaki kavu uwanjani! Halafu unasimama, Dada..."

"Mjomba," nikasema.

"...unasimama, unainua mikono..."

"Mjomba!"

"Nini tena? Si namsafisha? Si ndicho ulichokuwa unataka, ukweli usemwe? Nausema ukweli mbele ya mji mzima, bado una kinyongo?"

Nami, nitasema wazi, kwa pumzi moja nilimwamini. Nilifikiri: sawa, wacha wajue. Wacha yule muuza duka ajue, na darasa langu zima, na kila aliyeinua mikono kaunta akamwita mama yangu kipa wa risasi. Nilimtazama Mama kuona kama naye anafikiri hivyo.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango. Alikuwa ameweka mkoba sakafuni na alikuwa anavua kiatu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nenda wewe. Mwambie mjukuu wangu nimeumwa mguu."

"Mama, huyu hatasema..."

"Atasema. Mtazame. Ameshaanza kusema." Kiatu kikatoka. "Kwanza watu walinicheka. Sasa anataka wanililie. Yeye ndiye atakayepigiwa makofi kote kuwili. Mtoto yuko golini, mechi ni yake, nusu ya uwanja itakuwa imegeuka kunitazama mimi. Sitaki. Nilitaka kukaa tu nikamwona anadaka."

"Dada, usiwe hivyo," Mjomba akasema. "Nimeshawaahidi kamati. Kwenye matangazo yangu nimesema kutakuwa na jambo maalumu wakati wa mapumziko. Siwezi kupanda pale nikanyamaza, watu watanionaje?"

"Niahidi hutamtaja," nikasema. "Niahidi hapa, mbele yake. Hutamtaja, hutapiga king'ora, utatangaza majina na mabao basi."

Alikuna kidevu. Alitazama spika zake. Angeweza kudanganya, na nampa haki yake: hakudanganya.

"Mwanangu, nikishashika ile maikrofoni na watu wakaanza kupiga kelele, Spika, Spika, king'ora... Unajua mwenyewe. Ulimi hauna mfupa."

Simu yangu ikalia. Binti yangu. Nyuma yake nilisikia wasichana wanapiga magongo chini, tak-tak-tak.

"Mama, mko wapi? Tunaanza kupasha misuli. Bibi amekuja? Nimemwekea nafasi juu kabisa, nimeweka sweta langu."

Nilimtazama Mama. Alikuwa na kiatu kimoja mkononi na kingine mguuni. Alikuwa amesikia, simu yangu ina sauti kama mwenyewe.

"Tunakuja," nikasema, nikakata.

Nilipanda kwenye pikapu. Fundo la Mjomba lilikuwa zuri, alikuwa amelikaza kwa nguvu zake zote, kwa hiyo nilichukua kisu cha kukatia kamba za magunia na nikalikata.

"We! We! Kamba yangu!"

"Nitakununulia."

Magunia ya unga nimeyabeba tangu nilipofungua kiwanda changu cha mikate. Spika si nzito kuliko gunia, tatizo lake ni pembe tu. Niliikumbatia ya kwanza, nikaiteremsha, nikaivuta kwenye saruji mpaka mlangoni mwa stoo. Ilikwaruza. Mjomba alipiga ukelele kama aliyekwaruzwa yeye.

"Unavunja riziki yangu! Dada, mwambie mwanao!"

Mama alikuwa bado na kiatu kimoja mkononi. Alikuwa ameacha kuvua.

"Kamati wamelipia spika," Mjomba akasema, akinifuata nyuma, mikono inapepea. "Wataniambia nini? Fainali bila mtangazaji?"

"Watasema fainali ilichezwa. Refa ana filimbi."

"Nitakodi gari lingine!"

"Kodi. Spika utazitoa wapi?"

Niliingiza ya pili. Niliingiza amplifaya, nikaiweka juu ya magunia isipate unyevu, kwa sababu mimi si mharibifu. Niliingiza waya. Maikrofoni moja ilikuwa ndani ya boksi. Ya pili alikuwa ameishika mwenyewe mkononi, sikumnyang'anya. Maikrofoni bila spika ni kijiko. Nilivuta mlango wa stoo, nikatia kufuli, ufunguo nikautia kifuani mahali ambapo mjomba hawezi kuutafuta.

"Umenivunjia heshima," akasema. Safari hii hakuwa anaigiza. Uso wake ulikuwa umesawijika, na nilimwona jinsi alivyo: mzee mnene mwenye shati la sherehe, jasho kwapani, anayeogopa kuingia mahali bila sauti kubwa mbele yake. Ilinigusa. Haikunigeuza.

"Jioni njoo uzichukue. Nitakusaidia kubeba. Na kama unataka kuona mechi, nyuma sasa pana nafasi, panda ukae kama mikate."

"Mimi? Nyuma?"

"Mama," nikasema, "vaa kiatu."

Mama alikitazama kiatu kile mkononi kama kimeletwa na jirani. Kisha akainama, akatia mguu, akapigapiga kisigino chini mpaka kikaingia. Alichukua mkoba. Alimpita mdogo wake bila kumgusa, akafungua mlango wa mbele wa pikapu, akapanda na kujiweka sawa, gauni limebanwa chini ya mapaja lisikunjamane.

Mjomba alibaki katikati ya ua, kijiko chake mkononi. "Mtanisubiri nibadilishe shati?" akauliza.

Niliwasha gari. Nikaweka gia ya nyuma, nikatazama kioo, nikatoka getini.